Platini kwenye vifaa chakavu vya maabara: Angalia hapa kabla ya kuuza kwa kilo

Mkoani Mara dhahabu haihitaji utambulisho. Kuanzia Buhemba na Kiabakari wilayani Butiama hadi kwenye makarasha ya wachimbaji wadogo, watu wengi wanaweza kukuambia kwa kutazama tu kama punje ni dhahabu au ni mawe yanayong'aa. Lakini kuna metali nyingine ya bei kubwa ambayo wengi wanaipita bila kuigeuzia shingo, kwa sababu haina rangi ya njano. Ni platini. Ni nyeupe ya kijivu, inafanana na stenlesi, na mahali ambapo mtu wa kawaida ana nafasi kubwa ya kukutana nayo ni ndani ya vifaa vya zamani vya maabara.

Shule, hospitali, maabara za maji, viwanda na migodi hubadilisha vifaa vyao. Vya zamani huwekwa stoo, baadaye hupigwa mnada au huuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mzani wa chuma chakavu hautofautishi. Kikombe kidogo cha platini chenye gramu 25 kinaweza kuingia kwenye gunia la mabaki na kuhesabiwa kama sehemu moja ya arobaini ya kilo ya chuma.

Makala haya yanaeleza vitu vya kuangalia, vinavyodanganya, namna ya kupima bila kuharibu, na mambo ya sheria na usalama. Jambo la kukumbuka mapema: vifaa vingi vya maabara HAVINA metali ya thamani ya maana. Thamani iko kwenye sehemu chache sana, na nyingi ni ndogo kiasi cha kuenea kwenye kiganja.

Kwa nini maabara itumie kitu ghali hivyo?

Sababu ni tatu. Kwanza, platini haishiki kutu na haili na asidi nyingi. Pili, inayeyuka kwenye nyuzi 1,768 za Selsiasi, wakati dhahabu inayeyuka kwenye 1,064 na fedha kwenye 962. Tatu, inapitisha umeme bila yenyewe kubadilika. Mtu anayepima kiasi kidogo cha madini kwenye udongo hataki chombo chake kichangie uchafu kwenye jibu. Ndiyo maana tangu karne ya 19 wakemia wamekuwa wakitumia vyombo vya platini.

Metali nyingine za aina hiyo ni rodi, ambayo huchanganywa na platini ili kuiimarisha, paladi, fedha na dhahabu yenyewe. Rodi ni ya kushangaza kwa bei: mwaka 2021 ilipita dola 25,000 kwa aunsi moja, kisha ikashuka sana.

Vifaa vya aina hii hutoka wapi Mara?

Mkoa una vyanzo vya kutosha. Musoma Mjini kuna hospitali, maabara za maji na historia ya viwanda vya samaki na nguo. Shule za sekondari zenye maabara za kemia zipo Musoma, Bunda na Butiama. Butiama pia kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius Nyerere. Halafu kuna shughuli za dhahabu: wachenjuaji, mitambo ya elusheni na maabara za kupima sampuli.

Bunda ipo kwenye barabara kuu ya Mwanza hadi Sirari. Chuma chakavu kikishapakiwa kwenye lori na kushika barabara hiyo, hakuna wa kukirudisha nyuma ili kikaguliwe. Kwa hiyo ukaguzi lazima ufanyike stoo, kabla ya kupima kilo.

SEHEMU NANE ZA KUANGALIA

1. Vikombe na sahani za kuyeyushia

Hii ndiyo zawadi kubwa. Ni vikombe vidogo vyenye ukubwa wa kikombe cha kahawa ya kijiweni au pungufu, vyembamba, mara nyingi vina kifuniko chake. Hutumika kuchoma au kuyeyusha sampuli kwenye joto kali. Kikombe cha ujazo wa mililita 25 hadi 30 huwa na uzito unaokaribia gramu hizohizo. Sahani pana huzidi hapo.

Tazama kitako au ukingo. Vingi vimegongwa alama ya mtengenezaji, namba, na wakati mwingine uzito wake. Kampuni zinazojulikana kwa vyombo hivi ni Johnson Matthey ya Uingereza, Heraeus ya Ujerumani na Engelhard ya Marekani. Alama "Pt" maana yake platini, "Rh" ni rodi, "Au" ni dhahabu, "Ag" ni fedha, "Pd" ni paladi.

Chombo kilichotumika sana haking'ai. Kinakuwa cha kijivu, kimebonyea, pengine kimepasuka. Hiyo haiondoi thamani ya metali yake.

2. Vyombo vya mashine za kupima miamba kwa eksirei

Maabara za madini huyeyusha sampuli ya jiwe na kuimimina kwenye kisahani bapa ili itoke kama kidonge cha kioo. Kikombe na kisahani hicho kwa kawaida ni mchanganyiko wa platini asilimia 95 na dhahabu asilimia 5. Ni vizito kuliko vikombe vya kawaida. Sehemu ya ndani ya kisahani huwa laini kama kioo cha kujitazamia.

3. Waya za kupimia joto kwenye tanuri

Tanuri la maabara lina kifaa kinachoingia ndani kupima joto, kinaitwa themokapo. Ni waya mbili nyembamba zilizounganishwa ncha, zimepitishwa kwenye vijiti vya kauri nyeupe. Aina zenye herufi S, R na B hutengenezwa kwa platini na rodi. Aina ya K, ambayo ndiyo imejaa kila mahali, ni ya nikeli na haina thamani hiyo.

Waya ya platini yenye unene wa nusu milimita ina uzito wa gramu 4 hivi kwa kila mita. Themokapo ya sentimita 30, yenye waya mbili, inakaribia gramu 2.5. Watu wengi hukata bodi la tanuri wakitafuta shaba, halafu kijiti cha kauri wanakivunja na kukitupa. Kumbe kilichotupwa ndicho kilikuwa cha kubaki.

4. Elektrodi za kupima maji

Mita ya kupima chumvi kwenye maji ina kichwa cha kioo au plastiki chenye vibamba viwili vidogo. Kwenye vichwa vya kioo vya zamani vibamba hivyo mara nyingi ni platini. Vinaweza kuwa vimepakwa unga mweusi kama masizi. Huo si uchafu, ni platini iliyotiwa kwa makusudi. Usiusugue. Vichwa vya kisasa vya bei nafuu hutumia grafaiti au stenlesi.

5. Kifaa cha kutenganisha maji kwa umeme

Kila aliyesoma kemia kidato cha tatu amesikia elektrolisisi. Kifaa chenyewe ni mabomba mawili ya kioo yaliyosimama, yana koki juu na elektrodi chini. Kwenye matoleo mazuri elektrodi ni vibamba vya platini vilivyounganishwa na waya inayopenya kwenye kioo. Kibamba cha sentimita 1 kwa 2, chenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, kina gramu 0.43. Viwili vinakaribia gramu 0.9. Si utajiri, lakini kioo kikivunjika, usizoe vyote na fagio. Matoleo ya bei rahisi hutumia kaboni au nikeli.

6. Elektrodi za wavu

Maabara za zamani zilipima shaba kwa kuigandisha kwenye wavu wa platini. Wavu huo ni wa duara, una mpini wa waya, na unafanana kabisa na chujio la chai. Unaweza kuwa na gramu 10 hadi zaidi ya 20. Kwa kuwa unafanana na kitu cha jikoni, ni rahisi sana kupotea.

7. Fedha: chupa, vyombo na filamu

Fedha haipo kwenye vyombo tu. Chupa ya kahawia iliyoandikwa naitreti ya fedha, au alama AgNO3, ina fedha asilimia 63.5 kwa uzito. Gramu 100 za kemikali hiyo zina gramu 63.5 za fedha. Chupa ambayo haijafunguliwa ina thamani zaidi kama kemikali, kwa sababu maabara bado zinaihitaji.

Filamu za zamani za eksirei hospitalini nazo zina fedha, na maji yaliyotumika kusafishia picha hizo hubaki na gramu chache kwa lita. Faida huja tu kama mzigo ni mkubwa. Pia filamu hizo zina majina na siri za wagonjwa, kwa hiyo hazitoki hospitalini kiholela.

8. Vitu vidogo vya kukusanya

Koleo zenye ncha za platini, waya za kuchomea sampuli kwenye moto, elektrodi zenye pini mbili za platini, na mabaki ya kichocheo cha paladi. Kimoja kimoja ni kidogo. Waya ya kupimia rangi ya moto, kwa mfano, huwa chini ya robo gramu. Tena nyingi siku hizi ni nikromu, mchanganyiko wa nikeli na kromi, siyo platini.

VITU VINAVYODANGANYA

Hapa ndipo watu wengi hupigwa, ama kwa kununua kitu kisicho na thamani au kwa kupoteza siku nzima.

Maandishi "Pt100". Haya huonekana kwenye vipima joto vingi vya kisasa. Yanamaanisha kipimo cha platini chenye ukinzani wa omu 100 kwenye nyuzi sifuri. Platini imo kweli, lakini ni utando mwembamba au uzi mdogo sana. Usinunue boksi la vipima joto kwa sababu ya maandishi hayo.

Rangi ya dhahabu kwenye pini na bodi za umeme. Hiyo ni dhahabu ya kuchovya. Utando wa mikroni moja, ambayo ni sehemu moja ya elfu ya milimita, kwenye eneo la sentimita moja ya mraba una dhahabu ya miligramu 2 hivi. Ili upate gramu moja unahitaji sentimita za mraba 500 za utando huo, na bado hujalipia kazi ya kuuchenjua.

Vikombe vya nikeli, zikoni, titani na stenlesi. Vyote ni vyeupe, vyote hukaa maabara, na zikoni hutumika sana kwenye maabara za migodi. Vinatofautishwa na uzito, kama inavyoelezwa hapa chini.

Shaba ya njano na aloi za njano. Sehemu nyingi za darubini na mizani ya zamani ni za shaba iliyopakwa rangi. Zina bei yake ya shaba, basi.

NAMNA YA KUPIMA BILA KUHARIBU

Hatua ya kwanza: sumaku

Platini, dhahabu, fedha na paladi havivutwi na sumaku ya kawaida. Chuma na nikeli huvutwa. Kikombe kikirukia sumaku, kiweke pembeni. Lakini kutovutwa peke yake si ushahidi. Stenlesi nyingi, alumini, titani na zikoni nazo hazivutwi.

Hatua ya pili: mkono

Platini ni nzito kuliko inavyotegemewa. Kikombe cha platini kina uzito wa zaidi ya mara mbili na nusu ya cha stenlesi chenye umbo na unene uleule. Mtu aliyezoea kushika dhahabu atahisi mara moja.

Hatua ya tatu: mizani na maji

Hiki ndicho kipimo cha maana, na sonara yeyote ana mizani ya kukifanya. Unahitaji mizani inayosoma hadi gramu 0.01, glasi ya maji na uzi mwembamba.

Pima kitu kikiwa kikavu. Andika uzito.

Weka glasi ya maji juu ya mizani, kisha rudisha namba iwe sifuri.

Funga kitu kwa uzi, kizamishe chote kwenye maji. Kisiguse chini wala pembeni. Kisiwe na mapovu.

Soma namba inayoonekana. Hiyo ni nafasi ambayo kitu kinachukua, kwa sentimita za ujazo.

Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Jibu ni densiti.

Mfano: kikombe kina gramu 32.20. Kwenye maji mizani inasoma 1.50. Ukigawanya unapata 21.5. Hiyo ni platini. Kama kingekuwa stenlesi cha uzito huo, mizani ingesoma karibu 4.

Linganisha jibu lako na namba hizi:

Platini: 21.4
Dhahabu: 19.3
Tangsteni: 19.3
Tantali: 16.7
Paladi: 12.0
Fedha: 10.5
Nikeli: 8.9
Stenlesi: karibu 8
Zikoni: 6.5
Titani: 4.5
Alumini: 2.7

Angalia tangsteni na dhahabu: namba ni ileile. Rangi ndiyo inayotenganisha, maana tangsteni ni ya kijivu. Mchanganyiko wa platini na rodi hushusha densiti kidogo. Wenye rodi asilimia 10 huwa karibu 20. Kwa hiyo 20 kwenye waya ya tanuri si sababu ya kukata tamaa. Ila waya nyembamba na vibamba vidogo havipimiki vizuri kwa njia hii, kwa sababu nafasi yake kwenye maji ni ndogo mno.

Hatua ya nne: mashine

Wanunuzi wakubwa wa madini hutumia mashine ya mkononi ya eksirei inayosoma aina za metali kwa sekunde chache. Tanzania ilianza kufungua masoko ya madini mwaka 2019, na biashara ya dhahabu iliyo rasmi imezoea vipimo vya namna hii. Kumbuka mashine inasoma juu ya ngozi tu. Kitu kilichochovywa kinaweza kuidanganya, lakini densiti haidanganyiki kirahisi. Vipimo viwili vikikubaliana, umepata jibu.

Tahadhari kuhusu asidi ya sonara

Asidi ya nitriki ni kipimo cha kawaida cha dhahabu: shaba na fedha huliwa, dhahabu inabaki. Kwa platini kipimo hicho hakitoshi. Stenlesi nayo haili kwenye asidi hiyo, kwa hiyo kikombe cha stenlesi kinaweza "kufaulu" mtihani na mtu akauziwa kama platini.

THAMANI INAHESABIWAJE?

Metali hizi huuzwa duniani kwa aunsi ya gramu 31.1, na bei hubadilika kila siku. Angalia bei ya siku kwenye simu kabla ya kuzungumza na mnunuzi. Kwa mfano tu, tuseme platini ni dola 1,000 kwa aunsi. Hapo gramu moja ni dola 32 hivi, na hesabu inakuwa hivi:

Kikombe cha gramu 25: karibu dola 800
Themokapo ya gramu 2.5: karibu dola 80
Vibamba viwili vya elektrolisisi, gramu 0.86: karibu dola 28

Hiyo ni bei ya metali safi. Mnunuzi atakata gharama ya kusafisha, kusafirisha na faida yake. Sonara wa kawaida atakata zaidi au atakataa kabisa, kwa sababu moto wake wa dhahabu haufiki nyuzi 1,768. Hawezi kuiyeyusha, kwa hiyo hana cha kufanya nayo.

Ndiyo maana mnunuzi bora wa kikombe kizima mara nyingi si myeyushaji. Ni maabara nyingine. Kikombe ambacho hakijapasuka bado ni kifaa cha kazi, na kipya hugharimu zaidi ya metali iliyomo. Maabara za madini za Kanda ya Ziwa, vyuo vikuu na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini yenye makao yake Dodoma ni watu wa kuulizwa kabla ya kufikiria kuyeyusha.

HATARI: USIANZE NA NYUNDO

Vifaa vya maabara si friji mbovu. Kuna vitu vinavyoua polepole na vingine papo hapo.

Zebaki. Imo kwenye vipima joto, vipima shinikizo na swichi za zamani. Ikimwagika chumbani, mvuke wake unavutwa bila harufu. Usichome chombo chochote chenye zebaki.

Risasi. Maabara za kupima dhahabu kwa moto hutumia oksidi ya risasi. Vikombe vyeupe vilivyotumika, vinavyofanana na chokaa ya njano, vimenyonya risasi. Visivunjwe wala visiachiwe watoto.

Sianidi na asidi. Vyombo kutoka kwenye uchenjuaji vinaweza kuwa na mabaki ya sianidi. Sianidi ikikutana na asidi hutoa gesi ya sumu kali. Kumwagia asidi chombo usichojua historia yake ni kucheza na uhai.

Asbesto. Tanuri za zamani na wavu wa kupashia moto huweza kuwa na asbesto. Vumbi lake huharibu mapafu baada ya miaka mingi.

Mionzi. Mashine fulani za kupima gesi, unyevu wa udongo au uzito wa tope la mgodini huwa na chanzo cha mionzi ndani. Ukiona alama ya mionzi, yaani mapanga matatu kuzunguka duara, acha. Usifungue. Toa taarifa Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania.

Chupa za kemikali. Asidi ya pikriki iliyokauka hulipuka kwa kutikiswa. Naitreti ya fedha ikichanganywa na amonia na kuachwa nayo huweza kutengeneza mlipuko. Kwa chupa zisizo na lebo, Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo ya kuulizwa.

Kuna pia tabia ya kuchoma bodi za umeme uani au kuzichemsha kwenye asidi ili kutoa dhahabu. Kwa hesabu ya miligramu 2 iliyotajwa juu, anayefanya hivyo anabadilisha mapafu yake kwa pesa ya vocha.

MALI NI YA NANI?

Swali hili ni zito kuliko la densiti. Kikombe cha platini kilichopo stoo ya shule ya serikali ni mali ya umma, hata kama kimekaa miaka 30 bila kuguswa. Mwalimu, fundi wa maabara au mlinzi akikichukua, ni wizi, siyo bahati. Mali ya umma huondolewa kwa utaratibu: ukaguzi, kibali, kisha mnada au njia nyingine iliyoidhinishwa.

Aliyenunua kihalali mnadani ana haki na alichonunua, mradi ana stakabadhi inayoonyesha mzigo wenyewe. Hifadhi karatasi hiyo. Mnunuzi makini wa platini huuliza kitu kimetoka wapi, kwa sababu vyombo hivi huibwa maabara duniani kote.

Biashara ya vyuma chakavu na taka za kielektroniki ina vibali vyake chini ya sheria ya mazingira, na NEMC ndiyo inayosimamia. Biashara ya madini nayo iko chini ya Sheria ya Madini, Sura ya 123. Ukipata metali ya thamani na hujui iangukie kwenye sheria ipi, anzia ofisi ya Afisa Madini Mkazi wa Mara kabla ya kuisafirisha. Kuuliza ni bure, kukamatwa na mzigo usioeleweka si bure.

KWA WENYE VIFAA: FANYA HIVI KABLA YA MNADA

Wanaopoteza zaidi si wanunuzi wa chakavu. Ni shule na hospitali zinazouza bila kujua. Mkuu wa shule au mkuu wa maabara anaweza kuepuka hasara kwa mambo machache:

Fungua leja ya stoo ya zamani. Maabara makini ziliandika vyombo vya platini kwa uzito na kwa namba. Ukiona chombo kimeandikwa kwa gramu badala ya idadi, kitafute.

Kagua droo, makasha madogo yenye kitambaa ndani na kabati zilizofungwa. Vyombo ghali vilitunzwa peke yake, mara nyingi na mkuu wa idara.

Toa vikombe, elektrodi na themokapo kwenye mashine kabla mashine haijaingia kwenye orodha ya mnada. Viorodheshe peke yake.

Pimeni watu wawili au watatu mbele ya mashahidi, mpige picha, muandike uzito. Inalinda mali na inawalinda nyinyi.

Tenga vyenye zebaki, kemikali na alama ya mionzi. Hivyo havipigwi mnada pamoja na viti.

Kwa mnunuzi wa chakavu wa Musoma au Bunda, kanuni ni fupi zaidi: kabla ya kuponda kifaa chochote cha maabara, toa kitu cheupe, kidogo na kizito kisichovutwa na sumaku, kiweke kwenye chupa yake, kisha tafuta mizani na glasi ya maji. Mara nyingi utakuta ni stenlesi au nikeli, na utakuwa umepoteza dakika tano tu. Namba ikisoma 21, chupa hiyo ina thamani kuliko gunia zima.